Watoto wetu waione Dodoma, wa kike kwa wa kiume

  

Ndugu msomaji, kamati yetu ya msikiti ilipotangaza kwamba wanafunzi wa madrasa watapelekwa Dodoma katika likizo ya Juni, tuliulizwa swali moja kwa sura nyingi: watoto hawa wanakwenda kufanya nini huko? Wapo waliouliza kwa wema. Wapo waliouliza huku macho yao yakiwa kwenye bati za upande wa wanawake, ambazo mpaka leo zinavuja. Mzee wetu mmoja asiyekosa safu ya mbele alisema waziwazi kuwa kubeba watoto kwenda kutazama majumba ni israfu. Safari imekwisha kufanyika na watoto wamerudi salama, alhamdulillah, nasi tumeona tuwajibu wote kwa pamoja katika safu hii.

Wengine walitaka tuwanyamazishe wapinzani kwa aya. Ni kweli kwamba Qur'ani Tukufu inahimiza kutembea katika ardhi na kutafakari, na msomaji anaweza kurejea Suratul Ankabut. Lakini aya zile zinazungumzia mwanzo wa uumbaji na hatima ya walioikadhibisha haki. Hazikuteremka kwa ajili ya matembezi ya likizo, wala si adabu kuzibebesha mzigo usio wake. Sababu yetu ilikuwa nyepesi zaidi, na tulikutana nayo darasani.

Siku moja katika darasa la wakubwa watoto waliulizwa ni nani kati yao aliyewahi kufika Dodoma. Mikono ilinyanyuka mingi, kwani kutoka Singida mjini mpaka Dodoma ni kiasi cha kilomita 240 tu za lami, na kila aendaye Dar es Salaam kwa barabara hupitia huko. Walipoulizwa wameona nini, jibu likawa moja: stendi. Mtoto wa Singida anazaliwa jirani na makao makuu ya nchi yake, lakini anayajua kwa taarifa ya habari tu, msafara wa magari ukipita kwenye lango kubwa. Akili ya mtoto haichelewi kuamua kwamba ule ni mji wa watu wengine. Akishaamua hivyo akiwa na miaka 10, tutamwambiaje akiwa na miaka 30 kwamba nchi hii ni yake, na kwamba ana haki ya kubisha hodi wizarani kama mwenziwe yeyote?

Hofu ya barabara hatukuidharau. Hakuna mzazi wa Tanzania aliyesahau Mei 2017, basi dogo la wanafunzi lilipotumbukia korongoni kule Karatu, wakafariki watoto 32 pamoja na walimu wao wawili na dereva. Kwa hiyo yapo mambo ambayo kamati iliyapitisha bila mjadala: hatusafiri usiku, hakuna mtoto wa kusimama wala kupakatwa, na gari linakaguliwa na askari wa usalama barabarani kabla halijapakia. Fedha nazo hazikutoka katika mfuko wa msikiti. Tangu mwezi wa Rajab kila mtoto alikuwa akitia shilingi mia tano katika kisanduku kila Ijumaa, na wazazi wakaongezea.

Tatizo letu hasa lilijitokeza katika orodha. Ilipofika mezani ilikuwa na majina 41, na kati ya hayo majina ya wasichana yalikuwa 12. Katika daftari la madrasa wasichana ni wengi kuliko wavulana, na katika kuhifadhi wanawatangulia. Tulipolinganisha orodha na daftari, tukaona jambo ambalo kila familia ilikuwa imelifanya peke yake bila kushauriana na mwenziwe: penye fedha za mtoto mmoja, amelipiwa wa kiume. Na hata penye fedha za kutosha, wa kike ameachwa.

Mmoja wa walioachwa ni binti wa miaka 10, amehifadhi juzuu mbili, na ndiye aliyekuwa akiwatajia wenziwe mikoa yote bila kukosea. Kaka zake wawili walikuwa wameandikishwa. Tulikwenda kumwona baba yake, pamoja na ustadha wa darasa la wasichana na mweka hazina. Alitupokea kwa heshima, akatusikiliza, kisha akasema, "Mtoto wa kike akalale mji wa watu, mimi huku nitapata usingizi?"

Hatukumcheka, wala hatukumwambia kwamba zama zimebadilika, neno ambalo kwa maoni yetu halijawahi kumshawishi mzazi yeyote mwenye busara. Baba ni walii na mtoto ni amana. Hadithi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu wake zinajulikana, na hatukwenda pale kuzipunguza. Kweli binti yule hajabaleghe, lakini udogo wake unaizidisha uzito amana badala ya kuupunguza. Ustadha akamwambia, "Basi njoo wewe mwenyewe. Viti vya walezi vipo."

Akatabasamu. Akasema Dodoma anaijua kama kiganja chake, maana yeye ni mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji, na kwa zaidi ya miaka 15 amekuwa akisafirisha matenga kwenda Dar es Salaam. Ustadha akamuuliza kwa upole, "Bunge lipo upande gani wa mji?" Bwana yule akanyamaza. Anaijua stendi, anaijua mizani ya magari, anakijua kibanda kimoja cha chai. Ijumaa iliyofuata alileta fedha za watoto watatu, na nauli yake. Habari ilipoenea wakajitokeza akina baba wengine wawili na akina mama wanne. Ikabidi gari dogo libadilishwe kwa kubwa, na siku ya kuondoka wasichana walikuwa 21.

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Darasani watoto wanasoma mlango wa swala ya msafiri na kuujibia mtihani, lakini wengi wao hawajawahi kuiswali. Manyoni ndipo walipoiswali: Adhuhuri rakaa mbili, na Alasiri rakaa mbili ikiletwa mbele. Imamu alipotoa salamu, mtoto mmoja mdogo alimvuta kanzu na kumnong'oneza, "Ustadh, zimebaki mbili." Aliyekuwa amepata alama zote katika mtihani ni huyo huyo. Baadaye, kila walipoingia msikiti wa mjini na kuswali nyuma ya imamu mkaazi, walijifunza upande wa pili wa hukumu hiyo, kwamba msafiri akimfuata mkaazi hukamilisha nne. Tungelikuwa hatukuona kingine chochote, somo hilo lingelitosha kulipia mafuta ya gari.

Baada ya Manyoni barabara inateremka katika Bonde la Ufa, kisha mashamba ya mpunga ya Bahi yanatandaa. Hapo watoto walisimuliwa asili ya jina Dodoma. Wagogo husimulia kuwa tembo alizama katika tope la kisima, nao wakasema kwa lugha yao "idodomya", yaani amezama. Walisimuliwa pia kwa nini mji mkuu ulihama. Wajerumani walipeleka makao ya utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa waliokuja kwa meli walitaka kukaa penye bandari. Mwaka 1973 chama cha TANU, chini ya Mwalimu Nyerere, kiliamua makao makuu yaletwe katikati ya nchi, mahali ambapo raia wa kila upande angeweza kupafikia. Uamuzi huo ulikaa miaka mingi ukitekelezwa nusunusu, hata Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kuwa Serikali yote inahamia. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. "Kumbe wametusogelea sisi," akasema binti yule wa mikoa, na mwalimu wa jiografia hakuwa na la kuongeza.

Tulilala katika madarasa ya madrasa ya ndugu zetu wa Dodoma, wavulana na akina baba upande mmoja, wasichana na akina mama upande wa pili. Allah awalipe wenyeji wetu.

Tumeziona safari nyingi za wanafunzi. Gari linasimama langoni, watoto wanapangwa mistari, picha inapigwa, gari linaondoka kwenda lango jingine. Mtoto anarudi nyumbani ameona malango manane. Sisi tulichagua mahali pachache, na Alhamisi asubuhi yote tukaitoa kwa Bunge. Mkutano wa bajeti huendelea mpaka mwisho wa Juni, na asubuhi ya Alhamisi huwa na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, kwa hiyo siku haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Baada ya ukaguzi watoto waliketi katika jukwaa la wageni, kanzu kwa hijabu. Waliiona siwa ikiingizwa ukumbini mbele ya kiti cha Spika, wakaisikia dua ya kufungulia kikao. Ulipofika wakati wa kutambulisha wageni, wakaambiwa wasimame. Wabunge wakapiga meza. Mtoto wa fundi baiskeli, mtoto wa muuza vitumbua na mtoto wa mfanyabiashara wa kuku walisimama katika ukumbi wa Bunge la Jamhuri ya Muungano, wakapigiwa meza na watu ambao baba zao huwaona katika runinga tu. Hatujui njia nyingine ya kumfundisha mtoto jambo hilo.

Waliuliza maswali ambayo watu wazima tumeyazoea hata hatuyaulizi tena. Kwa nini wengine wanasinzia? Akikosea mbunge, nani humwambia? Yule anayekaa juu anachaguliwa na nani? Kwa swali hilo la mwisho walielezwa habari za Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Uhehe, aliyekuwa Spika kuanzia mwaka 1962 na kukikalia kiti hicho kwa miaka mingi. Wakaelezwa pia juu ya Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika, mwaka 2010. Ukumbi wenyewe ulianza kutumika mwaka 2006, na ule wa zamani, uitwao Msekwa, bado upo hapo hapo.

Mchana tulipita Uwanja wa Nyerere, palipo na sanamu ya Mwalimu. Tuliwahi kuonywa tusiwapeleke watoto hapo. Tunaiheshimu hofu hiyo kwa sababu asili yake ni tauhidi, na tauhidi si jambo la mzaha. Lakini mtoto anayefichwa sanamu ataikuta peke yake siku nyingine, bila mwalimu. Ustadh aliwasimamisha kando, akawaeleza hukumu ya masanamu kwa ufupi na bila kelele, kisha akawaeleza Mwalimu alikuwa nani na alifanya nini katika nchi hii. Watoto wakafahamu kwamba hayo ni mambo mawili. Wakanunua zabibu kwa mama mmoja wa Kigogo, wakaondoka.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, tulikiona kwa mbali tu juu ya vilima vyake. Muda haukutosha, na hilo lisubiri mwaka mwingine. Jioni tulikwenda stesheni ya reli mpya kulitazama treni la umeme lililoanza safari zake za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Wavulana walisimama wameachama midomo. Akina baba nao, tuseme ukweli, walikuwa wameachama zaidi. Reli ya kwanza, ile ya Wajerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910, na mmoja wa wazee waliotusindikiza aliwaambia watoto kwamba yeye alilipanda treni la reli hiyo hadi Kigoma kabla baba zao hawajazaliwa.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya Mji wa Serikali. Unaitwa Mtumba, na watoto walicheka njia nzima. Kwao mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa Ulaya, na mmoja aliuliza kama mawaziri nao wananunua hapo. Tuliwaambia kuwa ni jina la mahali, lakini kicheko hakikuisha. Wizara zimejipanga huko zote, nasi tukawapa kazi ya kusoma vibao na kueleza kila wizara inamhusuje mzazi wao. Mtoto wa mfanyabiashara wa kuku alisimama mbele ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, akamtazama baba yake, naye baba akalisoma bango lile kwa sauti, neno kwa neno. Tulisogea mpaka Chamwino, tukalitazama lango la Ikulu mpya iliyofunguliwa Mei 2023, kisha tukageuza gari, kwa kuwa adhana haingojei.

Swala ya Ijumaa tuliiswali katika Msikiti wa Gaddafi. Msafiri hawajibiki nayo, ila akiiswali inamtosheleza, na hatukutaka watoto waikose. Msikiti ule, uliofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Libya, ni mkubwa kiasi kwamba wadogo wetu walishikana mikono walipoingia. Walisimama chini ya kuba wakitazama juu mpaka wakakumbushwa rakaa mbili za maamkizi ya msikiti. Upande wa wanawake, ustadha anatusimulia, binti yule aliyekaribia kuachwa nyumbani alikaa muda mrefu ameegemea nguzo, akilitazama zulia na kimo cha dari.

Baada ya swala watoto walikusanyika kivulini, na hapo likaja swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitayarishia jibu. Binti huyo aliuliza nani alijenga msikiti ule. Akaambiwa, Serikali ya Libya, chini ya Muammar Gaddafi. Yuko wapi sasa? Aliuawa mwaka 2011 katika vita vya nchini kwake. Akafikiri kidogo, akasema, "Na sisi Waislamu wa hapa tulikuwa hatuwezi?"

Ustadh alijibu vyema kadiri ya wakati ule. Alisema kupokea zawadi ya ndugu si aibu, na aliyejenga tunamwombea dua. Lakini sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya misikiti tunajua yaliyobaki bila kusemwa. Zawadi hujenga kuta mara moja. Umeme, maji, sabuni ya vyooni, posho ya imamu na rangi ya kila baada ya miaka michache, hayo hayatoki nje ya nchi. Yanatoka katika kikapu cha Ijumaa, kwa noti za waumini wanaoishi jirani na msikiti. Msikiti wetu wa Singida hakuna aliyeutoa zawadi. Waliujenga babu za watoto hawa kwa kuuza karanga, alizeti na mbuzi, na mkutano uliopita tulikaa saa mbili tukibishana juu ya bati 30. Ndani ya gari, wakati wa kurudi, jambo hilo lilijadiliwa na akina baba kuliko treni na kuliko Ikulu. Hatukulianzisha sisi.

Tulifika Singida kabla ya Maghribi. Kwa mzee wetu wa safu ya mbele, ambaye tunampenda na ambaye hoja yake ilikuwa ya haki, tunatoa hesabu hii: kisanduku cha shilingi mia tano hakikuondolewa safari ilipokwisha. Watoto wenyewe wameomba kiendelee kila Ijumaa, na kuanzia sasa kinachoingia humo mpaka mwisho wa mwezi wa Jumadal Akhir ni cha bati za upande wa wanawake. Mweka hazina atasoma kiasi chake hadharani.

Orodha ya safari ya mwakani itafunguliwa mwezi wa Rajab, inshaallah, na ina kanuni mpya. Jina la mvulana halitaandikwa ikiwa ana dada yake katika madrasa hiyo hiyo aliyeachwa, mpaka mzazi afike mbele ya kamati aeleze sababu. Viti vya walezi vimeongezwa. Kanuni hiyo haikumpendeza kila mtu. Katika kamati imepita kwa kura sita dhidi ya nne, na ndugu zetu wanne wameomba ijadiliwe upya mbele ya waumini wote, jambo ambalo ni haki yao. Mkutano utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya swala ya Isha, na akina mama wanaombwa wahudhurie.